Pikapu Iliyoinua Pua

Fundi Springi alikuwa amelala chali chini ya pikapu, miguu tu ikionekana. Alipoambiwa kuna askari wa upelelezi mlangoni, aliacha kukaza nati, lakini hakutoka.

Inspekta hakumharakisha. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu alipoamka, na usiku uliopita hakulala sawasawa. Alivuta kiti cha plastiki kilichokuwa kimekatika mgongo, akakipangusa oili kwa gazeti, akaketi bila kukaribishwa.

"Toka tu, fundi," alisema. "Sitakuvuta miguu."

Fundi alijisukuma nje. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi kwa kawaida, na gereji yake ilijulikana mji mzima kwa kazi moja: kuinua magari. Ukutani alikuwa amebandika picha za pikapu na jipi alizozinyanyua, moja moja, kama mzazi anavyobandika picha za watoto waliohitimu.

"Karibu, afande. Nikuletee soda?"

"Maji. Halafu ukae hapa tuzungumze habari ya hii hii uliyokuwa chini yake."

Pikapu ilikuwa nyeusi, ya silinda nane, yenye injini ambayo ingeweza kuvuta lori lililokwama. Wiki iliyopita ilikuwa imemuua mzee mmoja mstaafu, aliyeitwa na kila mtu Mwalimu, mbele ya geti la shamba lake. Aliyekuwa kwenye usukani ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye machimbo ya kokoto kule juu ya shamba. Huyo watu walimwita Kontrakta. Alikuja mwenyewe kituoni akilia, akaandikisha maelezo: jua la jioni lilikuwa machoni, mzee akashuka barabarani ghafla, akakanyaga breki mpaka mwisho, gari ikateleza, ikamgonga, ikaingia mtaroni. Mkuu wa kituo aliona ni msiba wa familia. Akaandika ajali, akaachia gari hata kabla ya maziko, kisha akamtupia Inspekta jalada mezani. "Malizia hili," alimwambia. "Si kazi kubwa."

Inspekta alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Hakuwa na haja ya kazi kubwa. Lakini ndani ya jalada mlikuwa na picha za barabara, na picha hizo zilimkaa vibaya.

"Askari wa barabarani ameniambia wewe ndiye uliyeinua gari hii," alianza. "Anasema uliinua kupita kiasi, paipu za breki zikakazika, zikakatika. Ni kweli?"

Fundi Springi aliruka kama aliyeguswa na waya wa umeme.

"Siyo kweli! Njoo uone mwenyewe. Paipu nilibadilisha zote, nikaweka ndefu. Hiyo kazi siwezi kuilipua, afande. Nina watoto."

"Nioneshe."

Alimwonesha. Gari ilikuwa juu ya stendi nne za chuma, na Inspekta aliinama kwa shida, akashika taa, akafuata paipu moja moja kwa kidole. Zilikuwa ndefu, zimelegea inavyotakiwa, hazina unyevu. Kikombe cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa. Alimwomba msaidizi mmoja wa gereji apande na kukanyaga pedali, naye akajaribu kuzungusha tairi kwa mikono. Halikusogea.

Breki zilikuwa nzima. Basi, mawazo ya asubuhi nzima yameishia hapo. Alirudi kwenye kiti, akanywa maji.

Fundi alikuwa bado anatoka jasho. Hilo ndilo lililomfanya Inspekta asiondoke. Mtu akishaondolewa shutuma hupumua, na huyu alikuwa hajapumua.

"Vile vyuma viwili kule nyuma ni vya nini?" aliuliza. "Vile virefu, vyekundu, vinavyotoka kwenye ekseli ya magurudumu kuja kwenye chesisi, mifupa ya gari."

"Vya kushikilia ekseli. Isijipinde."

"Ulivifunga lini?"

"Zamani. Siku ile ile niliyoinua gari. Kabla ya... kabla ya msiba."

"Sawa," alisema Inspekta. Alinyoosha mguu wake mbovu. "Mimi magari sijui, fundi. Nichukulie kama mteja. Nimekuja na pikapu kama hii, ina nguvu za kutisha, na nataka iwe juu. Unaniambia nini?"

Hapo fundi alibadilika. Uso ulifunguka, mikono ikaanza kucheza hewani.

"Kwanza nakuuliza, unaenda nayo wapi? Kama ni machimboni, kwenye mawe, unahitaji kuinuka kidogo ili tumbo lisikwaruze. Kidogo tu! Watu wanataka juu kama mnara, wapande kwa ngazi. Nawaambia, ukiinua sana gari inakuwa kama mlevi, kila kona inataka kulala. Tena ina nguvu, hii. Nguvu bila kushika ardhi ni kelele tu. Kwa hiyo nakuinua kiasi, nakuwekea springi mpya za urefu huo. Sikuwekei matofali."

"Matofali?"

"Vipande vya chuma. Unavipachika kati ya ekseli na springi, gari inapanda siku hiyo hiyo. Ni rahisi, na ndiyo maana kila mtu anavitaka. Lakini ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli inapata nafasi ya kujipinda. Inajipinda, inajiachia, inajipinda, inajiachia. Tairi za nyuma zinarukaruka kama mbuzi. Mkia unakaa chini, pua inapanda mbinguni. Na gari haiendi unakoipeleka, inakwenda inakotaka. Ndiyo maana nafunga hivyo vyuma. Tairi nzuri, vyuma, na difu ya kufunga ili magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume pamoja. Hapo nguvu yako yote inakwenda chini, gari inanyooka kama mshale."

"Haiinui pua?"

"Kidogo sana. Na hairuki tena."

Inspekta alitoa bahasha mkobani, akachomoa picha moja, akampa. Ilionesha lami mbele ya geti la Mwalimu, na mistari miwili myeusi. Haikuwa mistari mizima. Ilikuwa imekatikakatika, doa, nafasi, doa, nafasi, kama ushonaji wa mtu anayejifunza cherehani.

"Hii ni nini?"

Fundi aliitazama. Mikono ilitulia mapajani.

"Breki," alisema kwa sauti ndogo. "Magari ya siku hizi breki zinashika na kuachia."

"Mistari ya breki huanza hafifu, ikakolea gari inapokaribia kusimama. Hiyo nimeiona miaka yote ya kazi yangu. Hii imeanza nyeusi tii kule mbali, ikafifia kuja getini. Tena ni ya matairi mawili tu. Umesema mwenyewe sasa hivi, fundi. Mbuzi."

Fundi aliigeuza picha kifudifudi pajani.

"Lakini gari yenye vyuma hairuki. Na wewe unasema vyuma vilikuwepo." Inspekta aliinuka, akashika ukuta mpaka goti likakubali. "Nifungulie kimoja."

"Afande, hiyo ni kazi, zile nati..."

"Nina subira."

Ilimchukua muda. Fundi mwenyewe alishika spana, hakutaka msaidizi. Nati zilitoka kwa urahisi mno, zikiwa na grisi mpya. Kishikio cha chuma kilipoachia ekseli, Inspekta alimulika taa. Ekseli nzima ilikuwa imeoshwa, inang'aa, isipokuwa mahali pamoja: pale ambapo kishikio kilikuwa kimeibana. Hapo palikuwa na tope jeusi, lililokauka na kugandamana, na ndani yake majani mawili membamba ya nyasi.

Aliliparua kwa kisu, akalitia kwenye kimfuko, akakiandika.

"Machimboni udongo ni mwekundu," alisema. "Hapa kwako ni saruji. Tope jeusi lipo kwenye mtaro wa kumwagilia wa Mwalimu, pale gari ilipoingia baada ya kumgonga. Sasa nieleze lilipitaje chini ya chuma ulichokifunga zamani."

Fundi Springi alikaa chini, pale pale sakafuni, spana mkononi.

"Nilifunga kwanza," alisema, "nikaosha baadaye."

"Siku gani?"

"Siku gari ilipotoka kituoni. Kontrakta alikuja nayo moja kwa moja. Akasema toa matofali, weka springi za kawaida, weka vile vyuma ulivyokuwa unanipigia kelele. Mimi ndiye niliyemwambia tangu mwanzo, afande! Niliapa siweki matofali kwenye injini ile. Akasema basi ataenda kwa mwingine. Nikaweka. Mteja ni mteja." Alijipangusa uso, akajipaka oili paji zima. "Akaniambia, wakijua ilikuwa juu vile bila vyuma, utafungwa wewe. Utaambiwa gari yako ndiyo imeua. Sijalala tangu siku hiyo."

"Matofali yako wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye pipa la vyuma chakavu. Yalikuwa humo, juu kabisa, bado yana tope jeusi.

"Yarudishe," alisema Inspekta. "Springi za zamani, kila kitu. Kesho asubuhi nataka gari hii iwe kama ilivyokuwa siku ile. Utaileta kwenye uwanja wa ukaguzi, na mimi nitamwacha askari mmoja akae hapa akutazame. Usinichukulie vibaya."

"Nitafungwa?"

"Umedanganya askari. Hilo lina bei yake, na hakimu ndiye atakayeipanga. Lakini matofali hayakumuua Mwalimu, kama ndicho kinachokunyima usingizi."

Uwanja wa ukaguzi wa magari ulikuwa mpana, wa lami chakavu, na asubuhi ile ulikuwa mtupu. Dereva wa ukaguzi, mwanamke mrefu asiyependa mazungumzo, alizunguka pikapu mara moja, akapiga matairi teke, akapanda. Ilibidi ashike mpini wa mlango ili afike kwenye kiti.

Kontrakta alikuwa ameitwa kama mwenye gari. Alisimama kando ya uzio kwa shati jeupe lililopigwa pasi, mwenye macho mekundu. Alikuwa kijana bado, na alimwamkia Inspekta kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Asante. Mbona gari yangu imerudishwa hivi?"

"Utaona."

Katikati ya uwanja, Inspekta alikuwa amesimamisha kiunzi chepesi cha mbao kilichobandikwa boksi, kirefu kama mtu mzima. Bampa ya pikapu, chuma kinene ambacho hata hakikupinda siku ile, alikuwa ameipaka chokaa mbichi. Kwenye boksi alichora mstari mmoja wa wino, kwa kipimo alichopewa na daktari aliyemchunguza marehemu: pale bampa ilipompiga, juu kidogo ya nyonga.

"Mara ya kwanza," alimwambia dereva, "kama alivyosema mwenye gari. Njoo na mwendo, kanyaga breki mpaka mwisho, ugonge ukiwa bado unabreki."

Pikapu ilikuja kwa ngurumo. Breki ziliposhika, pua ilizama kama ng'ombe anayeinama kunywa maji. Boksi lilianguka. Inspekta aliliinua: chokaa ilikuwa imeacha mstari chini ya ule wa wino, shibiri nzima, katikati ya paja.

Walirudia. Ikawa vile vile.

Kontrakta alikohoa. "Mzee alikuwa ameinama pengine. Alikuwa anaokota kitu."

"Akiinama ndiyo bampa ingempiga juu zaidi?" Inspekta alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kutopuuza utetezi, hata ulio mbovu. "Daktari anasema alikuwa amesimama wima. Nyayo zote mbili zilikuwa zimebeba uzito, viatu vimekwaruzika soli. Mara ya pili sasa. Rudi kule mwisho, usimame kabisa. Kisha kanyaga mafuta, usiyaachie."

Dereva alirudi mpaka kwenye uzio. Halafu injini ilipiga kelele, mkia wa pikapu ukakaa chini, pua ikainuka mpaka kioo cha mbele kikaonekana kutazama mawingu. Matairi ya nyuma yalianza kurukaruka, ta-ta-ta-ta, na nyuma yake lami ikashonwa doa kwa doa. Gari ilikwenda kombo. Dereva alipigana na usukani, akaligonga boksi kwa pembe ya bampa, akakanyaga breki mbele sana, karibu na ukuta.

Alishuka, akauacha mlango wazi. "Sipandi tena hii," alisema, akaenda kukaa kivulini.

Inspekta hakulazimika kuinama. Boksi lilikuwa limeegemea kiunzi kilichovunjika, na chokaa ilikuwa imekaa juu ya wino, mstari juu ya mstari.

Alimgeukia Kontrakta. Fundi Springi, aliyekuwa amesimama mbali, aliangalia pembeni.

"Ulikuwa umesimama wapi, kijana? Pale kwenye kona ya mikaratusi, kabla ya kufika getini?"

Kontrakta alilamba midomo. "Mama, mimi na shemeji..."

"Ulikuwa umesimama. Mistari inaanzia hapo. Ulimwona getini. Endelea wewe."

Waliingia kwenye ofisi ya ukaguzi, chumba chenye meza moja na feni isiyozunguka. Inspekta alimweleza haki zake, akamwuliza kama anataka wakili. Alikataa kwa kutikisa kichwa. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Alikuwa anakataa malori yangu yapite shambani kwake. Njia ya mkato. Nilimbembeleza, dada akambembeleza. Anasema wajukuu wanachezea pale, hataki. Siku moja kabla, alinifukuza mbele ya madereva wangu wote. Ananiambia nisimame wima, kama mwanafunzi wake. Wote wanacheka. Jioni ile nikamwona amesimama getini, mikono mgongoni. Nikasimama. Nikasema leo utaruka, mzee. Nitapita karibu, uruke, na wewe uchekwe."

"Lakini hakuruka."

"Alinitazama tu. Alijua ni mimi, akajua siwezi kumgonga. Na mimi nilikuwa nimepanga kupita pembeni, wallahi! Gari ikaruka nyuma, ikanivuta kwake. Sikuweza kuishika."

"Breki ulikanyaga wapi?"

"Baada."

"Kama ilikuwa ni kumtisha tu, kwa nini hukusema siku ile ile? Kwa nini ulikwenda gereji kufuta kabla hajazikwa, ukamtisha na fundi juu yake?"

Nje, fundi alikuwa ameanza kueleza kitu kwa dereva, kuhusu ekseli na vyuma, na dereva hakuwa anamsikiliza.

"Dada yangu angenitazamaje?" Kontrakta alisema mwishowe.

Nyumbani kwa Mwalimu viti vya kuazima vilikuwa bado vimepangwa uani, vitupu. Mjane alikuwa kwenye karo, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alipomwona Inspekta akishuka garini peke yake, alifunga bomba.

"Umekuja kufunga jalada," alisema.

"Nimekuja kukueleza, dada yangu. Tukae."

"Nitasimama. Nieleze."

Inspekta alitafuta maneno mengine njiani kote, na hakuyapata. Akasema yale aliyokuwa nayo. Alieleza kuhusu kona, kuhusu pua ya gari iliyoinuka, kuhusu vyuma. Hakueleza yote ya uwanjani. Mjane alisikiliza akijifuta mikono kwenye kanga, tena na tena, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kwa hiyo hakukanyaga breki."

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Baada ya kumgonga."

Mjane aliangalia geti. Kwenye lami nyuma yake alama zilikuwa zimeanza kufutwa na magari mengine.

"Yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini," alisema. "Nimempikia siku zote hizi. Nilikuwa namwambia kula, mdogo wangu, si kosa lako." Sauti yake haikupanda. "Huyu mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Mama alikuwa kibaruani kutwa, nilikwenda naye hata kuchota maji. Sasa utaniambia nimchukie?"

"Siwezi kukuambia hivyo."

"Ungeacha tu iwe ajali."

Wengi walikuwa wamemwambia Inspekta hivyo katika kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hivyo kwa ubaya.

Kutoka ndani ya nyumba sauti ya kikongwe iliita, dhaifu, ikiuliza nani amekuja, na kama ni yule mwanawe mbona haingii kula.

Mjane alishtuka. Kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjamana.

"Mama," alisema. "Bado mama."

"Niingie mimi? Nimezoea kusema haya."

"Hapana. Asisikie kwa mgeni." Alifungua kanga, akaifunga upya kiunoni, akaikaza. Alifika mlangoni, akageuka. "Lakini usiondoke. Akianza kulia sitaki niwe peke yangu naye."

Inspekta alivua viatu, akaingia, akaketi kwenye kigoda cha ukumbini. Alimsikia mjane akifungua mlango wa chumbani, akisema "Mama, amka ukae," kisha mlango ukafungwa. Simu yake iliita. Alikuwa mkuu wa kituo. Akaizima, akaweka mikono magotini, akasubiri.